Karafuu, Mtama na Mikono ya Watumwa

Neno kibarua lajulikana na kila mtu katika nchi zetu. Mtu akisema, "Nimepata kibarua," sote twafahamu kwamba amepata kazi ya siku chache kwa mshahara. Lakini ni wachache wanaojua neno hili lilianzaje. Katika karne ya 19, vibarua wengi wa Unguja na Mombasa walikuwa watumwa. Bwana alimtoa mtumwa wake akafanye kazi kwa mtu mwingine, mathalani kupakia mizigo au kuchambua bidhaa ghalani. Mtumwa alipewa cheti kidogo, yaani barua ndogo, kuonyesha kwamba ameifanya kazi ile, na mshahara wake ukagawanywa kati yake na bwana wake. Basi neno ambalo leo ni la mtu huru lilizaliwa katika utumwa.

Jambo hili lafaa kuwa mlango wa somo letu. Watu wengi wakisikia habari za utumwa hufikiri minyororo, misafara na soko la Unguja tu. Hayo yote yalikuwa kweli, lakini hayajibu swali kubwa: watu wale walinunuliwa ili wafanye nini? Hakuna mfanya biashara anunuaye kitu kisichotakiwa na mtu. Wengi sana walitakiwa kwa kazi ya mashamba. Kwa hiyo yatupasa kuangalia mambo matatu: kwa nini mashamba makubwa ya Pwani yalihitaji watumwa, kazi ya mashamba hayo ilikuwaje, na watumwa walipopewa uhuru waliona nini.

ARDHI NYINGI, MIKONO MICHACHE

Mtu mwenye shamba dogo hulilima pamoja na mke wake na watoto wake. Mtu atakaye kulima shamba kubwa la kuuza mazao ng'ambo hana budi kupata mikono ya watu wengine. Ataipata wapi? Leo tutajibu kwamba atawaajiri watu. Lakini katika nchi yenye ardhi tele na watu wachache, jibu hilo halikuwa rahisi. Mtu aliyeweza kufyeka msitu, kujenga nyumba yake na kulima chakula chake hakuona sababu ya kwenda kumlimia mwingine kwa ujira mdogo. Mwenye shamba akitoa ujira mkubwa, faida yake iliisha. Ndipo wenye nguvu walipochagua njia nyingine: kumshika mtu na kumnyima ruhusa ya kuondoka.

Hali hii haikuwa ya Afrika Mashariki peke yake. Katika visiwa vya Karibi, Brazili na kusini ya Marekani, Wazungu walianzisha mashamba ya miwa, tumbaku, kahawa na pamba. Kati ya karne ya 16 na ya 19, Waafrika zaidi ya milioni 12 walipakiwa katika merikebu kuvuka bahari ya Atlantiki, na karibu milioni 2 kati yao walikufa kabla ya kufika. Kazi ya miwa iliwamaliza upesi wengi wa waliofika, na wenye mashamba wakanunua wengine. Mashamba ya Pwani yetu yalikuwa madogo kuliko hayo, na desturi zake zilikuwa mbali, lakini mzizi ulikuwa mmoja: mazao yalitakiwa na soko la mbali, na mikono ya kuyapata haikuja kwa hiari.

MKARAFUU WAFIKA UNGUJA

Mkarafuu si mti wa asili wa Afrika. Kwao ni visiwa vya Maluku, mashariki ya mbali. Wafaransa waliupanda katika visiwa vyao vya Bahari ya Hindi, na kutoka huko uliletwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Wakati huo karafuu ilikuwa na bei kubwa mno. Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani, aliona faida hiyo. Alipanda mikarafuu katika mashamba yake mwenyewe, akawahimiza raia wake nao wapande, na kufika mwaka wa 1840 alikuwa ameyafanya makao yake kuwa Unguja. Sehemu za magharibi na kaskazini ya kisiwa, zenye udongo mzuri na mvua nyingi, zikageuka mashamba ya mikarafuu. Wenyeji wengi wa sehemu hizo walisukumwa kwenye ardhi ya mawe ya mashariki na kusini.

Mkarafuu wahitaji subira na mikono. Huchukua miaka sita au saba kabla ya kuanza kuzaa. Muda wote huo lazima upaliliwe. Ukianza kuzaa, vitumba vyake huchumwa vingali havijafunguka, kwa maana vikifunguka thamani hupotea. Vitumba haviivi vyote siku moja, hivyo mti mmoja hupandwa tena na tena katika msimu mmoja. Baada ya kuchuma, karafuu hutengwa na makonyo, zikaanikwa juu ya majamvi mpaka zikauke, na mvua ikija lazima zikusanywe mbio. Mwenye mikarafuu elfu hawezi kazi hii yeye na jamaa yake.

Kuna jambo moja la ajabu katika historia hii. Mwaka wa 1822 Waingereza walimfanya Seyyid Said akubali kutowauzia Wakristo watumwa. Kwa mapatano ya mwaka wa 1845 alikubali tena kuzuia watumwa wasisafirishwe kutoka Afrika kwenda Arabuni. Mapatano hayo yalikusudiwa kupunguza biashara ile, lakini wafanya biashara hawakuiacha. Watu waliozuiwa kuuzwa ng'ambo waliuzwa papa hapa Pwani, bei yao ikawa nafuu, na mashamba yakawapokea. Katika miaka ya 1860, wakati ambapo biashara ilikuwa imekua sana, makadirio yataja watu kati ya 15,000 na 20,000 walioletwa Unguja kila mwaka, wengi wao kutoka nchi za Ziwa Nyasa kupitia bandari ya Kilwa.

Ni lazima tufahamu kwa nini watu walihitajiwa mwaka hata mwaka. Watumwa wa mashamba waliugua na kufa, wengine walitoroka, wengine wakaachwa huru na mabwana zao kwa kutaka thawabu. Nao watoto waliozaliwa hawakutosha kujaza nafasi. Kwa hiyo shamba lililokuwa kimya chini ya kivuli cha mikarafuu lilifungamana na vita na mashambulio katika vijiji vilivyokuwa mwendo wa majuma mengi kutoka Pwani. Mnunuzi wa karafuu huko London au Bombay hakuviona vijiji hivyo, na wengi wa wenye mashamba nao hawakuviona. Lakini mtumwa alivikumbuka, kwa sababu vilikuwa kwao.

MALINDI YAFUFUKA

Mashamba ya watumwa hayakuwa Unguja na Pemba tu. Sisi wa Kenya tunayo habari yetu wenyewe. Malindi, mji uliompokea Vasco da Gama mwaka wa 1498, ulikuwa magofu na vichaka mwanzoni mwa karne ya 19. Katika miaka ya 1850 Seyyid Said alipeleka huko askari wa Kibulushi na watumwa ili mji ukaliwe na ardhi ilimwe tena. Waarabu na Waswahili wakafuata, wakafyeka msitu, na kila mmoja akachukua ardhi kadiri ya watumwa aliokuwa nao wa kuilima. Hapa twaona wazi kwamba utajiri wa mtu haukupimwa kwa eka zake. Ardhi ya bure ilikuwa pande zote. Mwenye watu mia alikuwa na shamba kubwa, na asiye na watu hakuwa na shamba.

Malindi na Mambrui hazikupanda karafuu, bali mtama, mahindi, kunde na ufuta. Majahazi yalichukua nafaka hizo mpaka Unguja na Arabuni. Unguja ilizihitaji, kwa sababu iliitumia ardhi yake nzuri kwa karafuu, ikapungukiwa na chakula. Basi mtumwa wa Malindi alimlisha mtumwa wa Unguja, na katika biashara hiyo mwenye faida hakuwa huyu wala yule.

KAZI NA MAISHA YA MTUMWA WA SHAMBA

Katika shamba kubwa la karafuu palikuwa na msimamizi, ambaye aghalabu alikuwa mtu huru. Chini yake alikuwapo nokoa, na chini ya nokoa alikuwapo kadamu. Hawa wawili walikuwa watumwa waliopewa mamlaka juu ya wenzao. Kazi ya kulima ilipimwa. Huko Malindi kila mtumwa alipewa ngwe yake, yaani kipande kirefu cha ardhi, akawa na wajibu wa kukilima na kukipalilia.

Desturi ya Unguja ilikuwa mtumwa kumfanyia bwana wake kazi siku tano, kisha Alhamisi na Ijumaa zikawa siku zake. Alipewa konde apande muhogo au mtama wa kula, na akipata ziada aweza kuiuza. Katika msimu wa kuchuma karafuu, hata siku hizo mbili zaweza kutakiwa, pengine kwa malipo kidogo. Msomaji makini ataona hesabu iliyomo humu. Bwana hakuhitaji kununua chakula chote cha watu wake, kwa kuwa walijilisha wenyewe katika siku walizoitwa "wamepumzika".

Watumwa nao hawakuwa namna moja. Mtu aliyeletwa karibuni, asiyejua lugha wala dini ya Pwani, aliitwa mjinga, naye ndiye aliyepewa kazi nzito ya jembe. Aliyezaliwa Pwani aliitwa mzalia, na kwa desturi hakuuzwa kwa urahisi. Wengine walikuwa mafundi, mabaharia, au viongozi wa misafara, na wachache wakapata mali. Mwanamke aliyefanywa suria na bwana wake alizaa watoto huru. Sheria ya Kiislamu ilimpa mtumwa haki fulani, ikasifu tendo la kumwacha huru.

Kwa sababu hizi wako watu waliosema kwamba utumwa wa Pwani ulikuwa mwepesi. Tusikimbilie kukubali neno hilo. Ni kweli kwamba wako mabwana waliokuwa wapole. Lakini upole wa bwana si haki ya mtumwa. Bwana mpole aliweza kufa, na mrithi wake akawa mkali. Aliweza kuingia katika deni, na wenye mashamba wengi waliingia hasa baada ya bei ya karafuu kushuka tangu miaka ya 1840. Basi mtumwa aliyekuwa salama jana aliweza kuuzwa leo kwa deni asilolikopa.

USHAHIDI WA WATORO

Kama twataka kujua watumwa wenyewe waliionaje hali yao, tuwatazame watoro. Kutoka Malindi, Takaungu na Mombasa watu walikimbilia bara wakajenga vijiji vyao, kama Fuladoyo na Makongeni. Wengine walikwenda Witu, ambako mtawala aliyeitwa Simba aliwapokea. Wengine walikimbilia misheni ya Rabai. Mwaka wa 1888 wenye watumwa walipodai watu wao waliokuwa katika misheni, ilikuwa karibu kuzuka vita. Mwishowe, Januari 1889, Kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikitawala Pwani iliwalipa mabwana fidia, na watoro wapatao 1,400 wakapewa vyeti vya uhuru.

Mtoro aliacha nyumba na konde, akaingia katika pori lenye njaa na hatari ya kukamatwa tena. Mtu hafanyi hivyo kwa kukimbia maisha mepesi. Tena, watoro walipofika walikojificha, kazi ya kwanza waliyoifanya ilikuwa kulima. Hawakuichukia kazi ya jembe. Walichochukia ni kulima kwa amri ya mtu mwingine na mazao yakawa yake.

SHERIA YABADILIKA

Mwezi wa Aprili 1872 tufani kubwa iliipiga Unguja ikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Pemba iliponea, ikawa ndiyo kisiwa cha karafuu. Mwaka uliofuata, Juni 1873, Seyyid Barghash, baada ya kutishwa na manowari za Kiingereza, alitia sahihi mapatano ya kukomesha biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, na soko la Unguja likafungwa. Mwaka wa 1876 alipiga marufuku misafara ya watumwa ya nchi kavu. Hata hivyo, kwa kuwa Pemba ilitaka mikono, watu waliendelea kuvushwa usiku kwa majahazi kwa miaka mingi. Kufunga soko si sawa na kuondoa haja iliyolizaa soko.

Utumwa wenyewe ulikuwa bado halali. Kwa Unguja na Pemba sheria iliacha kuutambua tarehe 6 Aprili 1897. Kwa Pwani ya Kenya, mwaka wa 1907. Na kwa Tanganyika, mwaka wa 1922. Tuitazame sheria ya Unguja, maana yatufundisha mengi. Haikusema kwamba watumwa wote wako huru tangu siku ile. Ilisema kwamba mtumwa atakaye uhuru aende mahakamani akauombe. Akiupata, lazima aonyeshe kwamba anayo makao na njia ya kujipatia riziki. Masuria hawakuhesabiwa pamoja na wengine. Bwana aliyepata hasara aliweza kulipwa fidia. Mtumwa aliyefanya kazi maisha yake yote hakulipwa kitu. Hivyo ndivyo ilivyokuwa hata katika makoloni ya Uingereza ya Karibi: kwa sheria ya mwaka wa 1833 wenye watumwa waligawiwa pauni milioni 20, na walioachwa huru hawakupata hata senti moja.

UHURU BILA ARDHI

Sasa twafika kwenye kiini cha somo. Serikali iliogopa kwamba watumwa wakiondoka, karafuu zitaoza mitini na ushuru utapotea. Kwa hiyo ilitaka watu wawe huru, lakini wabaki mashambani. Watu waliokuwa huru walitaka nini? Wengi waliondoka, wakaenda mjini, bandarini, au katika kazi ya reli. Wengi wengine walibaki palepale, lakini wakakataa masharti ya zamani. Walikubali kupalilia mikarafuu ya mwenye shamba, na kwa badala yake wakakaa katika ardhi yake na kupanda muhogo wao. Wakati wa kuchuma walidai malipo kwa kila pishi. Wapemba, Wahadimu, na Wanyamwezi kutoka bara nao wakaja kuchuma kwa mshahara. Karafuu hazikuoza. Ikathibitika kwamba watu huru wanaweza kuifanya kazi ile iliyosemwa kuwa haifanyiki bila utumwa.

Lakini ardhi na miti vilibaki vya wenyewe. Mtu huru alipanda muhogo, hakuruhusiwa kupanda mti wa kudumu, kwa maana mti ni dalili ya milki. Aliweza kuambiwa ahame.

Kwetu Kenya mambo yalikuwa magumu zaidi. Mashamba ya nafaka ya Malindi yalikufa kwa kukosa mikono. Waliokuwa watumwa, pamoja na Wagiriama na watu wengine wa bara ya karibu, waliingia katika ardhi hiyo wakalima. Kisha ikaja sheria ya mwaka wa 1908 juu ya hati za ardhi za Pwani. Kila anayedai ardhi alitakiwa afike mbele ya afisa na kuonyesha madai yake. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Wenye mashamba wa zamani walikuwa na karatasi, mashahidi, na ujuzi wa mambo ya mahakama. Mtu aliyelima konde miaka ishirini bila hati akajikuta ni mkazi tu katika ardhi ya mwingine.

Wakati huo huo walowezi walianza mashamba ya mpira na pamba huko Pwani, nao wakataka mikono. Serikali iliwalazimisha Wagiriama kulipa kodi na kutoa vijana wa kazi. Mwaka wa 1913 Mekatilili wa Menza aliwaapisha watu wake wasitoe vijana hao. Akakamatwa, akapelekwa Kisii, akatoroka akarudi kwao kwa miguu. Na mwaka wa 1914 vita vikazuka. Ukiitazama habari hii pamoja na habari ya watoro, utaona kwamba ni swali lile lile: mtu mwenye ardhi yake hataki kumlimia mwingine kwa ujira mdogo. Zamani alishikwa yeye mwenyewe. Baadaye ilishikwa ardhi, na kodi ikawekwa juu yake, ili mwenyewe aje kutafuta kazi.

Unguja swali hili lilijibiwa kwa nguvu. Baada ya mapinduzi ya Januari 1964 serikali ilitwaa mashamba na kuzigawia jamaa nyingi vipande vya eka tatu. Jambo lililoanza kwa nguvu liligeuzwa kwa nguvu, na watu wengi wakapoteza maisha. Pwani ya Kenya, madai ya watu wasio na hati yaliendelea muda mrefu baada ya uhuru wa mwaka wa 1963, yakapita kutoka kwa babu mpaka kwa mjukuu.

Basi yatupasa kukumbuka nini? Utumwa wa mashamba haukuwa ukatili wa watu wabaya wachache tu. Ulikuwa mpango wa kazi na faida: uliwafaa wenye mashamba, wakopeshaji, wenye majahazi, na wanunuzi wa ng'ambo. Kwa hiyo haukwisha siku ya kutiwa sahihi karatasi. Minyororo yaweza kukatwa kwa siku moja. Lakini mtu aliyefunguliwa akiwa hana mahali pa kusimama, atarudi kuomba nafasi kwa yule aliyemfunga. Kila tuonapo sheria mpya ya kazi au ya ardhi, na tuulize kama waliouliza watu wa 1897: je, yampa mtu uhuru wa kwenda tu, au yampa na mahali pa kwenda?

MASWALI YA KUZUNGUMZA BARAZANI

1. Kwa nini wenye mashamba wa Pwani hawakuweza kupata watu wa kutosha kwa mshahara?

2. Mapatano ya mwaka wa 1845 yalikusudiwa kuzuia biashara ya watumwa. Je, yaliyasaidiaje mashamba?

3. Eleza tofauti kati ya kufunga soko la watumwa mwaka wa 1873 na sheria ya mwaka wa 1897.

4. Ni haki kwamba bwana alilipwa fidia na mtumwa hakulipwa? Toeni sababu zenu.

5. Waulizeni wazee wa kwenu: ardhi mnayokaa ililimwa na nani kwanza, na hati yake iliandikwa kwa jina la nani?